Bi Dirisha, Aliyemeza Dawa Ileile Aliyowapa Watu

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wa hospitali mliofika mkiwa bado na sare zenu, na ninyi mliosimama kule nje kwa sababu viti vimekwisha, familia imemsimamisha mdogo wake marehemu, fundi umeme mstaafu, awasomee historia ya dada yake, kwa kuwa mume wa marehemu sauti imemkauka tangu Jumatatu, na binti yao mkubwa, ambaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno haya, amesema akifika kwenye tarehe ya mwisho hataweza kuendelea. Msomaji amepewa sharti moja, asiongeze chumvi, naye ameahidi kujitahidi, ingawa wanaomfahamu wanajua kwamba kwake huo ni mtihani.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bi Dirisha, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1955, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha viatu cha baba yao, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mshona viatu na mama akifua shuka za hospitali kwa mkono, na nyumba yenyewe ikinuka gundi upande mmoja na sabuni upande wa pili. Baba yao alikuwa na mtindo wake wa kutibu, ambao watoto wake waliobaki wanausimulia hadi leo wakicheka, kwamba mtoto mmoja akiugua ilinunuliwa chupa moja ya dawa, na ili asionekane anapendelea, aliwapanga watoto wote mstari, kila mmoja akanyweshwa kijiko chake, mgonjwa na wazima, chupa ikaisha siku ya pili, mgonjwa akiwa bado anaungua homa na wazima wakisinzia darasani. Marehemu, akiwa na miaka tisa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa kijiko, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akasema kupitia vidole, "Baba, mpe yeye cha kwangu," akachapwa kwa utovu wa adabu, na kesho yake akakataa tena. Familia inaona ukaidi wake ulianzia hapo, na kwa kweli haukupata kupungua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963, ile iliyo nyuma ya karakana ya mabasi, akamaliza mwaka 1969, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1970 hadi 1973, kisha chuo cha famasia kuanzia 1974 hadi mwishoni mwa 1976, na baadaye, akiwa tayari mke na mama, alirudi masomoni mwaka 1984 akapata shahada yake mwaka 1987. Walimu wake wa chuo walimsifu kwa mambo mawili, mkono usiotetemeka kwenye mizani na mdomo usiotulia darasani, na cheti chake cha tabia, ambacho mume wake amekihifadhi, kimeandikwa kwamba mwanafunzi huyu ni mwaminifu, ni mchapakazi, na anabishana.

Tarehe 3 Januari 1977 aliripoti kazini katika hospitali yetu, akapangiwa dirisha la kutolea dawa, lile la mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje, lenye nondo za kijani na tundu la kupitishia mkono, na hapo ndipo lilipotoka jina lake, kwa sababu watu waliambiana kwamba ukienda kwa yule bibi wa dirishani utarudi na jibu, hata kama hutarudi na dawa. Maana siku zile kurudi bila dawa ndiyo ilikuwa kawaida, stoo ilikuwa na dawa nzuri mno, za kampuni kubwa, katika maboksi yanayong'aa, ubora wake hauna shaka, nazo zilitosha wagonjwa wa mwanzoni mwa mwezi, kisha siku zote zilizobaki dada alikuwa akitamka neno moja kutwa nzima, "Kanunue nje," huku akijua fika kwamba anayemwambia hana uwezo huo, na kwamba ile karatasi ya daktari itaishia chini ya godoro. Alikuwa akirudi nyumbani amefura, anatupa mkoba kwenye kiti, anasema dawa bora isiyomfikia mgonjwa ni pambo la stoo tu, na mume wake alijifunza kutomjibu mpaka ale kwanza.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, na mwalimu wa hisabati ambaye walikutana palepale dirishani, mwalimu akiwa amekuja na kikohozi, akapewa dawa, akapona, lakini akaendelea kupanga foleni kila Ijumaa akiwa mzima wa afya, mpaka siku moja dada akamuuliza mbele ya watu wote, "Kikohozi kimeisha, sasa unaumwa nini?" na mwalimu, ambaye hana maneno mengi hata leo, akajibu kwamba anaumwa foleni. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1982, ambaye ni mhasibu, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1985, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kitinda mimba aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni mwalimu kama baba yake, na ameacha wajukuu watano, wote wakiwa na ujuzi wa kumeza kidonge bila kulia, maana bibi yao alikuwa hana mchezo na jambo hilo.

Turudi kazini, kwa sababu ndipo maisha yake yalipokuwa. Mwaka 1991, akiwa sasa mfamasia mkuu, aliishawishi hospitali iunde kamati ya dawa na kuanza kununua dawa za pakiti za kawaida, zenye kiini kilekile cha tiba lakini zisizo na jina kubwa la kampuni, kila aina ikipimwa maabara kabla ya kununuliwa, na kwa mara ya kwanza foleni ikawa inaondoka na dawa mkononi hadi mwisho wa mwezi. Mawakala wa dawa za gharama, waliozoea kuja na kalenda za ukutani na kalamu za bure, hawakupendezwa, maneno yakaanza kutembea, kwamba zile ni dawa za wanyonge, kwamba ni chokaa iliyopakwa rangi, na mwaka 1994 fundi cherehani mmoja wa nyuma ya soko, aliyekuwa amekaa miaka bila kuanguka kifafa kwa msaada wa vidonge hivyohivyo vya bei nafuu, aliyasikia maneno hayo, akavitupa vidonge vyake chooni, na kabla wiki haijaisha akaangukia pasi ya mkaa akiwa kazini, akafariki kwa majeraha.

Dada alikwenda kwenye mazishi ya yule fundi, akarudi, akakaa jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwani, na wiki iliyofuata akaiandikia kamati kanuni mbili ambazo zilipitishwa siku hiyohiyo, nazo tunaomba mzisikilize vizuri, kwa kuwa yote yaliyobaki yanatokana nazo. Kanuni ya kwanza ilisema kwamba hakuna dawa itakayoondolewa dirishani kwa malalamiko matupu, mpaka maabara ya serikali iipime kwa barua yenye saini ya mwenyekiti wa kamati, na gharama ya kipimo hicho itoke kwenye fungu la dawa, ili mtu yeyote asiombe kipimo kwa mchezo. Kanuni ya pili ilisema kwamba kila mjumbe wa kamati, akiugua, atameza dawa inayotolewa dirishani, ileile, kutoka pakiti ileile, wala hatakwenda kununua nyingine pembeni.

Kanuni hiyo ya pili ikawa desturi ya watu wa kamati, wakitaniana nayo, mjumbe akipiga chafya kwenye kikao wenzake wanamwambia apange foleni, na nyumbani kwa dada watoto walikua wakinywa dawa ya kikohozi ya hospitali, ile chungu ya rangi ya kahawia, huku watoto wa jirani wakilamba ya dukani yenye ladha ya machungwa. Binti mkubwa anakumbuka aliwahi kulia akiomba hiyo ya machungwa, mama yake akamjibu, "Mimi siwezi kumpa mtoto wa mwenzangu kitu ambacho wangu hanywi," na mazungumzo yakaishia hapo. Aliongoza kamati hiyo hadi alipostaafu tarehe 11 Agosti 2015, siku yake ya kuzaliwa, na kuanzia hapo akawa anapanga foleni upande wa pili wa zile nondo kama mgonjwa mwingine yeyote, maana tangu mwaka 2003 alikuwa ameonekana na shinikizo la damu, akapewa kidonge cha njano cha hospitali, akakitumia bila matatizo kwa miaka ishirini.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Ndugu waombolezaji, kamati ya mazishi ilikuwa imeandaa sentensi ya sehemu hii, nzuri tu, inayosema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na binti yake ameifuta kwa kalamu nyekundu, kwa sababu si kweli, na kwa sababu marehemu alichukia sana maneno yanayopaka rangi juu ya kutu.

Mwaka 2019, baada ya dada kuondoka, kamati ilifuta utaratibu wa kupima kila aina ya dawa kabla ya kuinunua, ikisema inabana matumizi, na mwezi Julai 2023 kidonge cha njano kikaondoka dirishani kikaja cheupe, cha bei ya chini zaidi. Watu wakaanza kunung'unika, kichwa kinagonga, macho yanaona nyota, na dada, tunalisema hili kwa sababu ndiyo haki, alikuwa wa kwanza kuwakemea, akamwambia jirani yake wa ukuta mmoja, mshona nguo mstaafu, ambaye yupo hapa leo, "Rangi haitibu wewe, meza dawa," maana masikioni mwake bado yalikuwa yanalia yale maneno ya mawakala wa zamani. Jirani akameza. Lakini dada alikuwa na mashine yake ya kupimia presha, anajipima kila asubuhi kabla ya chai, na kufikia Septemba namba zikaanza kupanda, akapunguza chumvi, zikapanda, akaongeza kutembea, zikapanda, na ndipo asubuhi moja alipotumbukiza kidonge kimoja kwenye glasi ya maji juu ya meza ya chakula, kidonge ambacho kilitakiwa kiwe kimesambaratika kabla chai haijapoa, akakikuta mchana kimekaa kitako palepale, na mume wake akauliza kama hiyo ni dawa au kokoto.

Tarehe 14 Novemba 2023, siku ya Jumanne, marehemu aliomba nafasi kwenye kikao cha kamati, akaingia na glasi yake kutoka nyumbani, akamimina maji ya chupa, akatumbukiza kidonge cheupe mbele ya wajumbe wote, akakaa, na kikao kikaendelea na ajenda nyingine, mashuka, jenereta, maji ya wodi ya wazazi, huku kila mtu akitupia jicho ile glasi, na kikao kilipofungwa kidonge kilikuwa kizima, maandishi yake yakisomeka. Mwenyekiti wa kamati, mfamasia ambaye dada alimpokea akiwa kijana wa mafunzo na kumfundisha hata namna ya kuhesabu vidonge kwa kisu cha plastiki, akasema kwa heshima zote kwamba glasi si kipimo rasmi, na dada akakubali kwamba ni kweli glasi si kipimo rasmi, ndiyo maana anaomba kipimo rasmi. Mwenyekiti akafungua faili, akamsomea kanuni ya kwanza, neno kwa neno, kwamba dawa haiondolewi kwa malalamiko matupu, na gharama ya kipimo itoke kwenye fungu la dawa, kisha akamuuliza, na tunaambiwa aliuliza bila kejeli, akatwe mgonjwa gani, wa kisukari au wa kifafa, au dada awafundishe watoto wa wodi ya nimonia kusubiri mwezi mwingine.

Hilo ndilo lilikuwa swali la dada mwenyewe, alilowauliza wenzake kwa miaka yote aliyokalia kiti kile, na kanuni aliyoiandika kuwalinda watu na uvumi ndiyo iliyomfunga mikono siku alipokuja bila uvumi. Wajumbe wawili wamemweleza msomaji huyu kwamba alikunja na kukunjua kitambaa chake, kisha akauliza jambo moja tu, "Na wewe mwanangu, presha yako unaimezea ipi?" Mwenyekiti akajibu kwamba hilo ni suala binafsi. Kumbe kanuni ya pili hakuna aliyeifuta, ilikuwa imeachwa tu, kimyakimya, na wajumbe karibu wote wanatibiwa kwa dawa za duka lililo ng'ambo ya geti.

Alirudi nyumbani na glasi yake. Ndugu, hapa msomaji anaomba radhi kama sauti itapanda, kwa sababu kuanzia siku ile familia nzima ilipigana na mtu mmoja na ikashindwa. Binti mkubwa alinunua vidonge vya njano dukani, akavileta, dada akashukuru, akaviweka kwenye droo ya vijiko, akaendelea kumeza vyeupe, na alipoulizwa akasema kwamba siku atakayobadilisha yeye, atakuwa mlalamikaji wa kawaida anayesemea ugonjwa wa wenzake, lakini akiwa anameza kilekile wanachomeza wao, namba zake za kila asubuhi ni ushahidi, na mwezi Machi kamati itakaa tena naye ataziweka mezani. Mume wake, ambaye tumesema hana maneno mengi, siku hiyo aliyatoa yote, akamwambia kwamba yeye ameishi naye zaidi ya miaka arobaini, anamwomba kitu kimoja tu, afungue droo, na dada akasema, "Nikibadilisha mimi, foleni yote ile nani ataisemea?" na mume wake akamjibu kwamba foleni haijamuoa. Walikaa siku kadhaa bila kusemezana, kitu ambacho watoto wao hawajawahi kukiona. Mdogo wake alimpigia simu akamgombeza, akamwita kichwa ngumu na majina mengine yasiyofaa kusomwa hapa, naye akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama yeye mdogo mtu amepima presha wiki hiyo, akakata simu.

Tulimkasirikia, na bado tumemkasirikia, hatutaficha. Mtu aliyejua dawa kuliko sisi sote, mwenye vidonge vizuri kwenye droo, hatua chache kutoka kitandani kwake, na akaviacha hapo, ni vigumu kumlilia bila kwanza kutaka kumtikisa mabega. Lakini hasira hiyo hatuwezi kuimaliza yote kwake, maana hakuna mgonjwa anayepaswa kujigeuza mashine ya kupimia ili watu wenye ofisi, faili na mihuri wafanye kazi wanayolipwa kuifanya.

Siku ya Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, asubuhi, akiwa ameinama anamfunga mjukuu wake kamba za viatu ili awahi shule, marehemu alipata kiharusi, akakimbizwa hospitalini kwetu, akalazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, upande wa kulia wa mwili ukiwa umekufa na maneno yamempotea, ingawa macho yalikuwa yakifuata kila kikombe cha dawa kilichopita. Aliaga dunia siku ya Jumatatu, tarehe 19 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mume wake akiwa ameshika mkono wake wa kushoto, marehemu akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Tulimuuliza daktari kama ni kile kidonge, na daktari, ambaye tunamheshimu kwa kutotudanganya, alisema hawezi kujua, inawezekana ni kidonge, inawezekana ni umri, inawezekana mishipa yake ilikuwa imechoka tangu zamani na ingepasuka hata kwa dawa bora kuliko zote duniani. Kwa hiyo hatusimami hapa kusema dada yetu ameuawa na dawa ya bei nafuu. Hatujui. Na huko kutojua, wakati kipo chombo cha kujulisha, kipo kwenye jengo lenye anwani na lenye wataalamu wanaolipwa mishahara, ndiko kunakotuchoma kuliko msiba wenyewe.

Tumesikia pia, na hili tunalisema kwa ukali, kwamba tangu juzi wapo waliokwisha kutupa vidonge vyao wakisema kama vimemshinda Bi Dirisha basi vimewashinda wote. Tafadhali sana msifanye hivyo, mtu aliyetupa dawa kwa sababu ya maneno ndiye aliyemfanya marehemu aandike kanuni zile, na kama anatusikia sasa hivi anatafuta pa kupitisha mkono awashike masikio. Msiache dawa kwa kubahatisha. Mdogo wake naye yuko kwenye kidonge hichohicho, amekimeza leo asubuhi, na amejipima, kwa sababu wauguzi waliofanya kazi na marehemu wameweka mashine ya presha kwenye meza ya pale getini, na kila mwenye ugonjwa huu anaombwa apimwe kabla hajaondoka, na ambaye namba zake zitakuwa juu ataonana na daktari leo hii, sio wiki ijayo.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomgeuza na kumsafisha kwa upole kama mama yao mzazi, wakati mwingine wakinunua glavu kwa fedha zao. Tunawashukuru majirani, hasa jirani wa ukuta mmoja, aliyebomoa kipande cha uzio wake ili turubai lipate nafasi na akakataa katakata kulipwa. Tunawashukuru walimu wa shule ya mume wake, mafundi wa karakana ya mtoto wake waliochomelea mageti usiku kucha wapate kuja leo, na wafanyakazi wote wa hospitali aliofanya nao kazi, waliompenda na waliomkimbia, maana tunajua mpo wa aina zote mbili na wote mmekuja.

Jambo la mwisho. Jumanne, familia ilipokaa kupanga mazishi, mume wa marehemu, aliyekuwa kimya tangu jana yake, alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba jeneza liwe la mbao za kawaida, chakula kiwe chai na mkate, na rambirambi zenu zote zilipie kipimo cha kile kidonge, ili asiwepo mgonjwa wa kisukari wala mtoto wa nimonia atakayekatwa. Mtoto wa kiume akaondoka hapohapo kwenda kuzungumza na seremala. Fedha zimetosha, na kuna pakiti mbili ambazo hazijafunguliwa, zilizochukuliwa dirishani kwa utaratibu wote. Kama maabara itasema kidonge ni kibovu, kiondoke siku hiyohiyo, na kama itasema ni kizima, basi tutakuja wenyewe kwenye ile korido kutangaza kwa sauti kubwa kwamba dawa ni nzuri na Bi Dirisha alikosea, watu wameze wakiwa na amani, na tunaamini hilo lingemfurahisha zaidi.

Kinachobaki ni barua, na barua inataka saini ya mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti yupo hapa, amekaa safu ya tatu, alifika mapema na kubeba viti pamoja na vijana, na machozi yake tumeyaona, hatumfanyi adui. Barua ni ya ukurasa mmoja, imeshachapwa, ipo kwenye meza ya kitabu cha wageni, kalamu iko pembeni yake. Msafara wa kwenda makaburini utaondoka saa nane kamili, na mume wa marehemu amesimama pale mezani tangu historia hii ilipoanza kusomwa.

Dada yetu, wewe umemaliza, pumzika kwa amani ya Mungu, sisi tunasubiri saini.